Al-Khwarizmi, Mpanga Hatua za Hesabu

Jua, ewe ndugu msomaji, ya kuwa Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, ambaye nisba yake ni nchi ya Khwarizm, alikuwa mwanachuoni wa Bait al-Hikma mjini Baghdad, zama za Khalifa al-Ma'mun aliyetawala tangu mwaka 813 hata 833. Alitunga kitabu cha al-jabr, na sehemu yake kubwa ni hesabu za wasia na mirathi. Njia yake ni hatua kwa taratibu, kama mgawa mirathi atangulizavyo deni, kisha wasia, ndipo mafungu. Kitabu chake cha tarakimu za Kihindi kilipofasiriwa kwa Kilatini, jina lake likawa Algoritmi, na humo likatoka neno algorithi, yaani hatua zinazoamrishwa kompyuta.

Basi vijana wa Arusha, wakiiona Taasisi ya Nelson Mandela huko Tengeru, chini ya Mlima Meru, inafundisha elimu hiyo, wasidhani ni siri ya wageni. Ajuaye kugawa mirathi amekwisha ushika mlango wake. Lakini kompyuta haijui haki, hufuata iliyoamrishwa tu; hatua moja ikikosewa, yatima hudhulumiwa. Wallahu aalam.