Al-Khazini na Mizani ya Hekima

Ndugu wasomaji, wako miongoni mwetu wadhanio kwamba somo la mvutano wa dunia, wasomalo vijana wetu katika sekondari, ni elimu ya kigeni isiyotuhusu. Basi na tuitazame sira ya Abdurrahman Al-Khazini.

Bwana huyu alikuwa mtumwa, asili yake Mrumi, katika mji wa Marw, Khurasani. Bwana wake aliiona akili yake, akamsomesha hisabati na falsafa. Naye akatokea kuwa mwanachuoni mkubwa wa zama za Sultani Sanjar. Yasimuliwa kwamba alipoletewa dinari 1,000 alizirudisha, kwani dinari 3 zilimtosha mwaka mzima.

Kabla yake, Al-Isfizari alitengeneza mizani ya kupimia vitu ndani ya maji, yenye kufichua dhahabu iliyochanganywa. Yasemwa kuwa mtunza hazina wa Sultani, kwa kuchelea hiana yake isidhihirike, aliivunja mizani ile. Na mwenyewe Al-Isfizari akafa kwa majonzi. Al-Khazini hakuiacha kazi hiyo ipotee. Mwaka 515 Hijria (1121) aliandika kitabu chake, Mizani ya Hekima, akaeleza humo namna ya kuiunda na kuitumia.

Humo alisema kwamba vitu vizito huelekea kitovu cha dunia, na kwamba uzito wa kitu hubadilika kwa kadiri ya umbali wake na kitovu hicho. Na kitovuni penyewe kitu hakina uzito. Hayo ni kweli. Lakini alidhani kuwa uzito huzidi kila kitu kiendapo mbali, na hapo hakupata sawa. Mwaka 1687 Newton alibainisha kuwa nje ya dunia mvutano hupungua: umbali kutoka kitovuni ukiwa mara mbili, mvutano hubaki robo. Eneo lote ambamo nguvu hiyo hufanya kazi ndilo liitwalo uga wa mvutano. Hapa Bangale, karibu na ikweta, kilo moja huvutwa kwa nyutoni 9.78 hivi, kwenye ncha za dunia, 9.83.

Kosa lile halimpunguzii heshima, kwani alifungua njia, na wengine wakaipita.

Mtumwa alifunguliwa mlango wa elimu na bwana wake. Sisi tulio huru, tukiwazuia wana wetu, wa kiume na wa kike, tutakuwa na tofauti gani na yule aliyeivunja mizani?