Handel: Alitunga ‘Hallelujah’, wafungwa 142 wakatoka jela

Disemba ikikaribia, kwaya nyingi huanza mazoezi ya ‘Hallelujah’. Lakini je, unamjua jamaa aliyeutunga?

George Frideric Handel alizaliwa 1685 mjini Halle, Ujerumani. Babake, daktari wa upasuaji, alitaka kijana asomee sheria. Handel akashikilia muziki, na hatimaye akahamia London, ambako opera zake zilimjengea jina.

Kisha mambo yakaenda mrama. Mnamo 1737 alipatwa na kiharusi, na watu wakaanza kuzichoka opera zake. Hakukunja jamvi. Mnamo 1741, akiwa na miaka 56, aliketi akaandika Messiah, wenye wimbo huo, kwa siku 24 tu.

Uliimbwa mara ya kwanza Dublin, Aprili 1742, kabla ya Pasaka wala si Krismasi. Waimbaji walitoka kwaya za makanisa makuu mawili ya jiji. Ili watu watoshe ukumbini, akina mama waliombwa wasivae marinda mapana, nao wanaume waache panga nyumbani. Pesa zilienda kwa hospitali mbili na kulipia wafungwa madeni, 142 wakaachiliwa.

Kuanzia 1750, Messiah ulichangia pia makao ya watoto waliotelekezwa jijini London, hata baada ya Handel kupofuka. Alifariki Aprili 14, 1759, siku nane tu baada ya kuusikia mara ya mwisho.

Basi kwaya yenu ikipanga tamasha la sikukuu, kumbukeni wimbo huu ulianza kama harambee.