Jeremiah Nyagah: Skauti wa Mbeere Aliyekaa Bungeni Miaka 34

Kila shule Kenya ilikuwa na ile mbogi ya kaki. Maskauti. Wale wasee wa skafu shingoni, ndio wanapandisha bendera Jumatatu, ndio wanapanga wazazi kwa mistari siku ya kufunga shule, na wikendi wakienda kempu wengine tunabaki tukiwachekelea ati wanaenda kufunga kamba kwa miti. Mimi nilikuwa upande wa kucheka, sitadanganya.

Sasa skiza. Kuna mzee mmoja wa Embu alikuwa waziri, alikaa bungeni miaka 34 moja kwa moja, akaongoza wizara ya elimu na baadaye ya kilimo, na katikati ya hiyo shughuli yote bado alikuwa anavaa hiyo kaki na hiyo skafu, mtu mzima na familia yake, akikagua watoto wa shule kama mafundo yao yamekaza. Jina lake Jeremiah Joseph Mwaniki Nyagah. Ukiuliza kijana wa leo hapo stage ya Embu, atakuambia anajua watoto wake. Buda mwenyewe wengi hawamjui, na hiyo ni hasara.

Nyagah alizaliwa tarehe 24 Novemba 1920 mahali panaitwa Igari, upande wa Mbeere. Kama hujawahi kufika huko, usichanganye na ile Embu ya majani chai na baridi ya Mlima Kenya. Ukitoka Embu town ukishuka kuelekea Kiritiri, kijani kinapungua, udongo unakuwa mwekundu, jua linachoma. Ni nchi ya mtama, wimbi, pojo, mbuzi na mizinga ya nyuki. Siku hizi pia ni nchi ya muguka, na kuna machali wameacha shule kwa sababu muguka inalipa leo na cheti kinalipa sijui lini. Hilo tutalirudia.

Mwaka huo wa 1920 ndio Waingereza walibadilisha hii nchi ikaitwa Koloni la Kenya. Kwa mtoto wa Mbeere wakati huo, shule ilikuwa kitu cha mishonari. Waanglikana walikuwa wamefungua misheni yao Kigari, karibu na Embu, tangu 1910, na masomo yalikuja pamoja na Biblia. Watoto wengi walichunga mbuzi, na ni vizuri tukumbuke kwamba kuchunga pia ni ujuzi: unajua maji yako wapi, unajua kuhesabu bila karatasi, unajua mnyama mgonjwa ukimtazama tu. Lakini kutoka hapo kufika sekondari ilikuwa noma. Shule ya kwanza ya sekondari ya Waafrika Kenya, Alliance pale Kikuyu, ilifunguliwa 1926, na nafasi zilikuwa chache sana kwa koloni nzima. Nyagah alipata moja. Halafu akapata nyingine Makerere, Uganda, ambako ndiko mwanafunzi Mwafrika wa hapa alikuwa anafika juu kabisa bila kuvuka bahari. Makerere ya wakati huo haikuwa inatoa digrii, ilitoa diploma, na yeye alisomea ualimu.

Hapa ndipo story inanishika. Msee ametoka Mbeere, amepita Alliance, amepita Makerere, yaani kwa hesabu ya siku hizo ako juu kuliko karibu kila mtu kwao. Leo mtu wa hivyo angekuwa na mabango barabarani akiwa na miaka 23. Yeye alishika chaki. Akawa odijo. Baadaye akaenda Oxford, Uingereza, kuongeza diploma nyingine ya elimu, akarudi akafanya kazi ya afisa wa elimu. Alipoingia siasa mwaka wa 1958 alikuwa na miaka 37. Ukitoa miaka aliyosoma, utaona alijenga ujuzi mmoja tu kwa muda mrefu: kusimama mbele ya watu, kupanga kazi, kuandika vizuri, kusikiza watoto na wazazi wao. Hiyo ndiyo ganji aliyoingia nayo kwa kura.

Na hiyo kura ya 1958 haikuwa kama hii yetu ya kupewa leso na unga. Nchi ilikuwa chini ya Hali ya Hatari tangu Oktoba 1952, kwa sababu ya vita vya Mau Mau, na Wakikuyu, Waembu na Wameru ndio walibanwa zaidi. Watu walihamishwa wakarundikwa vijiji vya kulindwa, wengine wakafungiwa kambi. Mwaka wa 1957 Waafrika waliporuhusiwa kuchagua wajumbe wao wa kwanza kwa Baraza la Kutunga Sheria, Mkoa wa Kati ulikuwa na sharti lake: huwezi kupiga kura bila cheti cha kuonyesha wewe ni mtiifu kwa serikali. Hebu fikiria hiyo. Kwa Wakikuyu wengi hicho cheti kilikuwa ndoto, lakini Meru kilipatikana kwa wingi zaidi. Matokeo yake, kiti cha Mkoa wa Kati kilichukuliwa na mwalimu kutoka Meru, Bernard Mate, akimtupa Eliud Mathu, ambaye alikuwa Mwafrika wa kwanza kuteuliwa kwenye baraza hilo mwaka wa 1944. Siasa za Kenya zilitetemeka, na mshindi alikuwa odijo mwingine wa mlimani.

Mwaka uliofuata viti sita viliongezwa na Waafrika wakawa kumi na wanne. Nyagah akapata kimoja, pamoja na wasee kama Julius Kiano na Taita Towett. Mtaona kitu: wengi wa hawa watu walikuwa wamefunza au wamesoma mpaka mwisho wa njia iliyokuwepo. Januari 1960 hao kumi na wanne walikuwa London, Lancaster House, kwa mkutano wa kujadili katiba ya Kenya. Chali wa Igari ameketi meza moja na mawaziri wa Uingereza. Hapo huwezi kubahatisha. Unasoma karatasi zako usiku, unajua hesabu, unajua lini kunyamaza.

Uhuru ulipokuja 1963 akachaguliwa mbunge kutoka Embu, na tangu hapo wapiga kura wake hawakumrudisha nyumbani mpaka alipoamua mwenyewe kuondoka 1992. Mnajua Wakenya. Kila uchaguzi tunafagia nusu ya Bunge bila huruma. Kwa huyu buda walipita wakati wa Kenyatta, wakapita wakati wa Moi, wakapita hata wakati wa kura ya mlolongo ya 1988 ambapo watu walipanga foleni nyuma ya wagombea, na yeye bado yuko.

Katikati ya miaka ya sitini alikuwa Waziri wa Elimu, na ujue alikuta moto. Baada ya uhuru wazazi walipeleka watoto shule kwa wingi, lakini sekondari zilikuwa kidogo. Kila mwaka maelfu wanamaliza darasa la saba na hakuna mahali pa kwenda. Wako na cheti, hawataki kushika jembe tena, na kazi za ofisi hakuna. Unaskia kama leo, si ndio? Mwaka wa 1966 Baraza la Kikristo la Kenya lilitoa ripoti ambayo kichwa chake kilikuwa tu swali: baada ya shule, nini? Kutoka hapo zikaanza polytechnic za vijiji, zile za useremala, uashi, ushonaji na ufundi wa mabati, ndizo mama wa hizi tunaita TVET siku hizi. Wazo lilikuwa la makanisa kuliko la serikali, nisimpe Nyagah sifa ya wenyewe. Lakini alikuwa ameketi kwenye kile kiti wakati nchi inajiuliza hilo swali kwa mara ya kwanza, na ukiangalia alichofanya nje ya ofisi, ni kama hakuliacha tena.

Maana nje ya ofisi kulikuwa na uskauti. Nyagah aliongoza Maskauti wa Kenya kwa miaka mingi kama Kamishna Mkuu. Hii si kazi ya mshahara. Unakaa mikutano, unasaka pesa za kempu, unasafiri kwa vitengo vya mbali, na hakuna posho ya maana. Huu mchezo ulifika Kenya 1910, ukiwa wa watoto wa wazungu kwanza, na mwanzilishi wake mwenyewe, Baden-Powell, alikufa Nyeri Januari 1941 na akazikwa huko. Mpaka leo maskauti hujazana Nyeri kila Februari kumkumbuka. Kwa hivyo Mwafrika kuchukua kitu cha mkoloni na kukigeuza kiwe cha mtoto wa Kiritiri na wa Nkubu haikuwa rahisi kama inavyoonekana. Wengine walitaka kitupwe chote na bendera ya Malkia.

Nikiangalia vile uskauti unafanya kazi, naona kwa nini mwalimu wa Mbeere alishikwa nao. Hakuna anayekuambia uwe mtu mkubwa. Unaambiwa wiki hii ujue kufunga fundo tatu. Mwezi ujao uwashe moto kwa kiberiti kidogo. Halafu ujue kusoma ramani, kupika chakula cha watu wanane kwa sufuria moja, kufunga mkono uliovunjika, kuogelea. Kila ukiweza kitu, unapimwa mbele ya wenzako, unapewa beji, unashona kwa shati. Ukishindwa unarudia. Hakuna kuhonga. Mtoto wa miaka kumi na mbili anajipangia lengo dogo, analifikia, anaona kwa macho yake kwamba limefikiwa. Ukimfanyia hivyo mara ishirini, amejua jinsi ya kusaka kitu kikubwa bila kuambiwa. Sisi tuliocheka kando ya uwanja hatukuwa tunaona hiyo hesabu.

Dunia ya maskauti ilimpa Nyagah Bronze Wolf, ambayo ndiyo heshima ya juu kabisa shirika lao la dunia hutoa, na ndiyo moja tu. Haiuzwi, na uwaziri haukupatii.

Miaka ya sabini alikuwa Waziri wa Kilimo, na hapo ndipo wazee wa Meru na Embu humkumbukia. Ujue, hizi wilaya mbili pamoja na Kisii ndizo zilikuwa za kwanza Waafrika kuruhusiwa kujaribu kahawa miaka ya thelathini, wakati majirani wao Wakikuyu walikuwa wamekatazwa kabisa. Kwa hivyo shags zetu zilikuwa na mikono iliyozoea kahawa kitambo. Julai 1975 baridi kali ikachoma mashamba ya Brazil, bei ya dunia ikapaa, na 1976 na 1977 pesa ikateremka mlimani kama mvua. Nyumba za mawe, pikipiki, karo ya shule kulipwa yote mara moja. Bei haikuwa kazi ya waziri yeyote, ilikuwa barafu ya Brazil. Ila waliovuna ni wale walikuwa wamejua kupogoa na kunyunyizia dawa miaka ishirini kabla. Wizara hiyo hiyo ndiyo ilikuwa inabeba 4K Club kwa shule, ile ya Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya iliyoanza 1962, ambapo mtoto anapewa kipande cha shamba na sungura wawili na kuambiwa aonyeshe alichofanya nao.

Sasa tusimfanye malaika. Alikaa kwenye baraza la mawaziri chini ya marais wawili, miaka ambayo watu walikuwa wanawekwa ndani bila kesi, na mwaka wa 1982 sheria ikasema Kenya ni ya chama kimoja. Nyagah hakuwa kati ya waliosimama mbele kupinga. Alifanya kazi yake kimya, akabaki na jina la mtu mstaarabu, na huo ukimya pia ni sehemu ya story yake. Kuna ujuzi beji haziufundishi, na kusema hapana kwa rais ni mmoja wao. Msomaji atajipimia.

Na hiyo muguka niliahidi kurudi. Chali wa Kiritiri anayechuma leo na kulipwa leo si mjinga. Anafanya kazi kwa jua, anajua soko, anajua kuhesabu bandoo haraka kuliko mimi na simu yangu. Shida ni kwamba hakuna anayempima wala kumshonea kitu kwa shati, kwa hivyo akifika miaka thelathini ameweza vitu kumi na hajui kama ameviweza. Huyo ndiye mtoto Nyagah alikuwa anaendea na ile kaki.

Kiti alichokiacha 1992, Gachoka, kilichukuliwa na kijana wake Norman, na 1997 kikaenda kwa mwingine, Joseph. Nahashon akawa gavana wa Benki Kuu, na Mary Khimulu akawa balozi wa Kenya UNESCO. Wengine watasema hiyo ni familia kurithishana viti, na kwa Gachoka siwezi kubisha sana. Hicho kiti chenyewe hakiko tena, tangu 2013 kinaitwa Mbeere Kusini.

Mzee alikufa tarehe 10 Aprili 2008, akiwa na miaka 87. Nchi ilikuwa bado inanuka moshi wa ile vita ya baada ya uchaguzi, na watu walikuwa wamekodolea macho Ikulu wakingoja serikali ya nusu mkate. Siku tatu baadaye Kibaki akasoma majina ya mawaziri. La ushirika likaangukia Joseph Nyagah, na buda yake alikuwa bado hajazikwa.