Jenerali China: Mwana wa mkulima aliyepigana vita viwili

Historia ya kupigania uhuru nchini Kenya haiwezi kukamilika bila kutajwa kwa Waruhiu Itote, aliyefahamika zaidi kwa jina la Jenerali China. Hata hivyo, hadi alipoaga dunia Aprili 1993, swali moja lilizidi kumwandama: je, aliwasaliti wenzake au alijaribu kuwaokoa?

Itote alizaliwa mwaka wa 1922 katika kijiji cha Kaheti, Mukurweini, Nyeri, akalelewa katika familia ya wakulima. Mnamo 1939 alielekea Nairobi kutafuta riziki na kujaribu biashara ya mboga. Ndipo alipoonja ugumu uliomkabili Mwafrika aliyetaka kujitegemea mjini, kwani sheria za kikoloni zilimbana kila upande.

Mwaka wa 1942 alijiunga na jeshi la King's African Rifles, akapelekwa Burma kupigana na Wajapani. Katika misitu ya huko alijifunza kuvizia, kujificha na kustahimili njaa. Alijifunza pia jambo ambalo wakubwa wake hawakukusudia kumfundisha. Mazungumzo na askari Waingereza, Wahindi na Wamarekani weusi yalimfanya ajiulize ni kwa nini alikuwa akihatarisha maisha kwa ajili ya uhuru wa wengine, ilhali kwao hakuwa huru.

Vita vilipomalizika mnamo 1945, alirejea nyumbani na kukuta ardhi ingali mikononi mwa walowezi. Alipata kazi katika shirika la reli, akichochea moto kwenye injini za garimoshi. Wakati huo huo alijitosa katika siasa za chama cha KAU, na mnamo 1950 akala kiapo cha Mau Mau.

Agosti 1952, miezi miwili kabla ya hali ya hatari kutangazwa, aliiacha familia yake na kuingia msituni. Akiwa kamanda wa Mlima Kenya, aliongoza maelfu ya wapiganaji kwa mbinu alizozipata Burma.

Januari 15, 1954 alijeruhiwa kwa risasi shingoni na kukamatwa. Mahakama mjini Nyeri ilimhukumu kifo. Baada ya kuhojiwa kwa muda mrefu, alikubali kuwaandikia barua makamanda wenzake kuwasihi wazungumze na serikali, na mwezi Machi hukumu hiyo ikapunguzwa. Mazungumzo yalianza, lakini yakasambaratika mwezi Aprili baada ya wapiganaji kuuawa katika makabiliano na wanajeshi.

Hapo ndipo chanzo cha lawama. Wengi walinyongwa, yeye akaishi. Wapo waliomwona msaliti. Lakini wapo pia waliotambua kwamba wapiganaji walikuwa wakifa kwa wingi, na kamanda aliyewajali hakuwa na budi kutafuta njia ya amani.

Itote alifungwa Lokitaung, Turkana, pamoja na Jomo Kenyatta, ambaye alimfundisha Kiingereza. Aliachiliwa huru Juni 1962. Kwa takriban miaka kumi, kwanza msituni kisha gerezani, jamaa zake waliishi bila yeye.

Alipata mafunzo ya kijeshi nchini Israel, kisha akawa miongoni mwa viongozi wa Huduma ya Vijana kwa Taifa (NYS), iliyoanzishwa mwaka wa 1964. Huko alisimamia vijana waliojenga barabara na kujifunza ufundi, hadi alipostaafu mnamo 1984. Mnamo 1967 alichapisha kitabu cha kumbukumbu zake, Mau Mau General.

Marufuku dhidi ya Mau Mau, iliyowekwa na wakoloni mwaka wa 1950, iliondolewa mnamo 2003. Jenerali China alikuwa kaburini kwa miaka kumi. Mtu aliyelitumikia taifa huru kwa miongo miwili alikufa vuguvugu alilolipigania likiwa bado limeharamishwa na sheria za nchi aliyosaidia kuikomboa.