Ngoma Iliyolala Miaka 74

Kwetu Buguruni mdundiko ukipita mtaani hauhitaji kuambiwa: miguu inapiga chini, vumbi linatimka, watoto wanafuata nyuma. Ndiyo maana kisa cha Vaslav Nijinsky kilinishika.

Alizaliwa Kyiv, wazazi wote wachezaji. Akasomea baleti St Petersburg, akavuma Ulaya nzima kwa kuruka juu. Baleti ya wakati ule ilikuwa kuelea tu. Lakini tarehe 29 Mei 1913, jijini Paris, akaleta ngoma aliyoitunga mwenyewe, Le Sacre du printemps: magoti yamepinda, vidole vya miguu vinatazamana, watu wanakanyaga ardhi kwelikweli. Ukumbi ukazomea mpaka muziki haukusikika. Yeye akapanda juu ya kiti pembeni mwa jukwaa, akihesabu kwa sauti ili wachezaji wasipotee.

Ikachezwa mara chache, basi. Mwaka huohuo akafukuzwa kazi. Kuanzia 1919 maradhi ya akili yakamtoa jukwaani, na akafariki London mwaka 1950.

Mwaka 1987 kundi la Joffrey Ballet la Marekani likaifufua. Millicent Hodson alikuwa ameiokoteza kwa miaka: michoro, maandishi ya Marie Rambert aliyekuwa msaidizi wa Nijinsky, kumbukumbu za waliokuwepo.

Mimi nasomea ualimu, na kisa hiki kinanisuta. Bibi yangu alicheza mdundiko ujanani. Sasa magoti yamechoka, na sijawahi kumwomba hata hatua moja. Ngoma ya Nijinsky iliokolewa na watu walioandika. Likizo hii nakaa na bibi, daftari mkononi.