Patrick Healy, rekta aliyezaliwa mtumwa

Mtu anayeingia Washington kwa upande wa mto Potomac anaona juu ya kilima jengo kubwa la mawe ya kijivu, lenye mnara mrefu wa saa. Hilo njo Healy Hall, jengo kuu la Universite Georgetown. Georgetown ilianzishwa mwaka wa 1789, ni universite ya Wajezuiti, na ni ya kwanza kabisa ya Kikatoliki katika Marekani. Jengo lina jina la padri aliyelijenga: Patrick Francis Healy, rekta wa universite hiyo kuanzia mwaka wa 1874 mpaka 1882.

Wanafunzi wake walimjua kama padri mpole, msomi, mwenye jina la Ki-Ayalandi. Wengi wao walikuwa watoto wa familia za Kusini, fasi ambako watu weusi waliuzwa sokoni mpaka vita vya 1861-1865. Hawakujua kwamba yule aliyekuwa anawapa diplome alizaliwa mtumwa, na kwamba kwa sheria ya kwao wangeweza kumnunua.

Tuanze na mama, juu bila yeye habari hii haieleweki. Aliitwa Mary Eliza, mwanamke metisi, mtumwa katika shamba la pamba karibu na mji wa Macon, jimbo la Georgia. Mwenye shamba, na mwenye mama huyo vilevile, alikuwa Michael Morris Healy, mtu wa Ayalandi aliyekuja Marekani kutafuta maisha akatajirika. Aliishi na Mary Eliza kama mke wake mpaka kifo. Walizaa watoto kumi, mmoja akafariki mdogo. Patrick alizaliwa tarehe 27 Februari 1834.

Sheria ya Georgia haikuwa na huruma hata kidogo. Mtoto anafuata hali ya mama: mama akiwa mtumwa, mtoto ni mtumwa, hata kama baba ni bwana mwenyewe wa shamba. Ndoa kati ya mzungu na mtu mweusi ilikatazwa. Kumfundisha mtumwa kusoma lilikuwa kosa. Hata kama baba angetaka kumpa mtoto wake uhuru, alipaswa kwanza kuomba bunge la jimbo lipige kura, na bunge lilikubali kwa shida sana. Kwa hiyo kwenye karatasi Patrick alikuwa mali ya baba yake, kama vile wanyama na vyombo vya shamba.

Kuna wanaomsifu huyo baba kwa upendo wake. Ni kweli alipenda watoto wake. Lakini ile miaka yote alipokuwa anahangaika kuwatafutia njia, alikuwa na watumwa wengine kumi kumi shambani, na hao hakuwatafutia njia yoyote.

Njia aliyoipata ilikuwa kuwapeleka watoto Kaskazini. Kwanza waliwekwa katika shule ya Wakwekeri karibu na New York, Wakristo waliokuwa wanapinga utumwa. Kisha Michael akakutana safarini na padri mmoja wa Boston, John Fitzpatrick, ambaye baadaye kidogo aliwekwa kuwa askofu wa mji huo. Fitzpatrick alimwambia habari za koleji mpya ya Wajezuiti, Holy Cross, katika mji wa Worcester, jimbo la Massachusetts. Mwaka wa 1844 wavulana wanne wa Healy, James, Hugh, Patrick na Sherwood, waliingia hapo, wakabatizwa.

Rekta wa kwanza wa Holy Cross alikuwa padri Thomas Mulledy. Huyu Mulledy alikuwa zamani rekta wa Georgetown, halafu mkubwa wa Wajezuiti wa jimbo la Maryland. Mwaka wa 1838, wakati Georgetown ilikuwa na madeni mengi, aliuza watumwa 272 wa Wajezuiti, wanaume, wanawake na watoto, kwa wenye mashamba ya Louisiana. Bei ilikuwa dola 115,000, na sehemu ya makuta hayo ilienda kulipa madeni ya Georgetown. Mapadri wengine walikasirika, Roma vilevile, na Mulledy akapelekwa Ulaya kwa muda. Aliporudi akapewa Holy Cross. Njo yeye, miaka sita baada ya mauzo yale, aliyewapokea shuleni watoto wa mtumwa na kuwalea.

Masomo yalienda vizuri. James, mkubwa wao, alikuwa wa kwanza kati ya waliomaliza mwaka wa 1849. Patrick alimaliza 1850, akaomba kuingia Ujezuiti, akapokelewa. Mwaka huo huo ulileta kilio mara mbili: mama alifariki, na miezi michache baadaye baba. Wadogo zao walikuwa bado Georgia, na kwa sheria walikuwa watumwa wasio na bwana wa kuwatetea. Hugh, kijana tu, alishuka mpaka Georgia akawachukua, akawapandisha Kaskazini. Ilikuwa hatari kweli, juu mwaka ule ule serikali ya Marekani ilipitisha sheria iliyoruhusu mtumwa aliyetoroka kukamatwa fasi yoyote, hata Boston, na kurudishwa. Hugh angeweza kukamatwa pamoja na wale aliowafuata.

Urithi wa baba uligawanywa. Ndani ya urithi huo kulikuwa na watumwa. Waliuzwa, na watoto wa Mary Eliza wakapata fungu lao la makuta. Vitabu vingine vinaruka jambo hili, lakini halirukiki.

Watoto wa Healy hawakufanana rangi. Kwa Sherwood asili ya mama ilionekana wazi. Patrick alikuwa mweupe, mtu asiyemjua alimchukua kuwa mzungu. Kumbe hiyo haikumpa amani. Mwaka wa 1853, alipokuwa mwalimu kijana Holy Cross, alimwandikia padri Fenwick, aliyekuwa kama mzazi kwao. Alimweleza kwamba kuna maneno yanasemwa nyuma ya mgongo wake, na yanamuumiza rohoni. Na kwamba mdogo wake Michael, aliyekuwa mwanafunzi hapo, anapita katika moto ule ule. Neno lenyewe, utumwa ao rangi, hakuliandika. Alijua Fenwick ataelewa.

Mwaka wa 1858 wakubwa wake walimtuma Ulaya. Alisoma Leuven, katika Ubelgiji, na mwaka wa 1864 akapewa upadri katika mji wa Liège. Mwaka uliofuata alipata doktora ya filozofia Leuven. Watu wa historia wanamhesabu kuwa Mmarekani wa kwanza mwenye asili ya Kiafrika kupata doktora. Sisi hapa Kongo jina la Leuven si geni: njo universite iliyozaa Lovanium ya Kinshasa mwaka wa 1954. Basi, karibu miaka 90 kabla ya Lovanium, mtoto wa mama mtumwa alikuwa ameshatoka Leuven na doktora mkononi.

Wakati yeye alikuwa anasoma, Marekani ilikuwa inapigana vita vya wenyewe kwa wenyewe juu ya utumwa. Alirudi mwaka wa 1866, vita vimekwisha, akapewa kufundisha filozofia Georgetown. Universite ilikuwa hoi. Waliosoma hapo walikuwa wamepigana pande zote mbili, na wengi zaidi walipigania Kusini. Miaka miwili baadaye Healy akapewa kusimamia masomo yote.

Mwezi wa Mei 1873 rekta John Early alifariki ghafla. Healy akawekwa kushika kiti kwa muda. Huo muda ulipita mwaka mzima. Wakubwa wa Wajezuiti walijua asili yake. Waliandikiana kwamba hakuna anayefaa kumpita, ingawa kuna ile shida. Ile shida, hiyo tu. Mwisho Roma ikakubali, na tarehe 31 Julai 1874 akasimikwa rasmi.

Kazi aliyoifanya kwa miaka minane inafanya watu wa Georgetown wamwite mwanzilishi wa pili. Alipokea koleji ndogo iliyofundisha zaidi Kilatini na Kigiriki. Yeye aliongeza nguvu katika kemia na fizikia, akapandisha masomo ya sheria na ya udaktari, akaanzisha chama cha waliosoma hapo zamani ili wasaidie shule yao. Mwaka wa 1876, wakati wake, wanafunzi wa mchezo wa mitumbwi walichagua rangi za universite: buluu ya askari wa Kaskazini na kijivu ya askari wa Kusini, alama ya kupatana. Wazungu walikuwa wanapatana kati yao. Watu weusi waliokuwa chanzo cha vita hawakuwa na rangi katika ile bendera, na rekta alijua vizuri kuliko yeyote.

Halafu jengo. Kazi ilianza mwaka wa 1877, kwa mchoro wa John Smithmeyer na Paul Pelz, wale wale waliochora maktaba kubwa ya bunge la Marekani. Majengo ya zamani yalikuwa yanatazama mto. Healy aliamua jengo lake ligeuke, litazame mji mkuu. Alikuwa anaambia serikali na inchi nzima kwamba Georgetown iko. Lakini makuta hayakutosha. Alisafiri mpaka California kuomba michango. Mwaka wa 1879 kuta na mnara vilikuwa vimesimama, ndani bado, na deni lilikuwa kubwa sana. Marekta waliomfuata walilipa kwa miaka mingi. Kuna waliomlaumu kwa kujenga zaidi ya mfuko wake, na lawama hiyo si ya bure.

Lakini swali gumu si la deni. Kwa miaka yote ya uongozi wake, Georgetown haikupokea wanafunzi weusi, na hakuna alama kwamba yeye alijaribu kufungua mlango. Hakusimama hadharani akasema mimi mama yangu alikuwa mtumwa. Alinyamaza. Kwetu watu wengi wanajua kunyamaza kwa namna hiyo: mtu anaficha kabila ya mama yake ili apite kwenye barriere, ama apate kazi. Angesema, je, angebaki kwenye kiti hata wiki moja? Nadhani hapana. Na asingekaa pale, jengo lile lisingekuwapo. Lakini kuna mtoto fulani mweusi wa Washington wa mwaka wa 1878 ambaye naye alikuwa na haki ya kusoma, na kwake kule kunyamaza hakukuleta kitu.

Ndugu zake walipita njia zao. James akawa askofu wa Portland, jimbo la Maine, mwaka wa 1875, askofu wa kwanza wa Marekani mwenye asili ya Kiafrika. Sherwood, msomi wa sheria za Kanisa, alifariki mwaka ule ule. Eliza akawa mtawa na mama mkubwa wa nyumba ya watawa. Michael, yule mdogo wa Holy Cross, alikimbia shule, akawa kapiteni maarufu wa meli ya serikali katika baridi ya Alaska.

Afya ya Patrick haikuhimili. Mwezi wa Februari 1882 aliacha kazi, akiwa na miaka 47. Alisafiri na James, akafanya kazi za parokia, na mwisho akarudi Georgetown mgonjwa. Alifariki tarehe 10 Januari 1910, akazikwa katika makaburi ya Wajezuiti ndani ya universite.

Ilikuwa katikati ya karne ya 20 tu ndipo habari za mama yake zilijulikana kwa watu wote, baada ya Mjezuiti mmoja, Albert Foley, kuandika maisha ya familia hiyo. Mwaka wa 2017 Georgetown iliomba msamaha kwa wajukuu wa wale 272, na jina la Mulledy lilikuwa limeshatolewa kwenye jengo lililokuwa nalo. Likawekwa jina la Isaac Hawkins, mtu wa kwanza kwenye orodha ya waliouzwa.

Jina la Healy lilibaki juu ya mlango mkubwa. Wanafunzi weusi wa kwanza wa koleji walipita chini yake karibu na mwaka wa 1950, miaka 40 hivi baada ya kifo chake.