Nahodha Slocum: Merikebu ilivunjika, bima hakuwa nayo

UKITAJA mabaharia waliotikisa dunia, jina la Joshua Slocum halikosekani. Ndiye mtu wa kwanza kuizunguka dunia peke yake kwa mashua ya matanga. Lakini kwa mwenye chombo cha majini, funzo kubwa liko katika hasara aliyoipata kabla ya sifa hiyo.

Slocum alizaliwa mwaka 1844 Nova Scotia, Canada. Akiwa na miaka 14 alitoroka nyumbani, akawa mpishi katika chombo cha wavuvi. Alipanda cheo hadi unahodha, kisha akanunua merikebu yake mwenyewe, Aquidneck.

Desemba 1887 merikebu hiyo ilikwama kwenye fungu la mchanga huko Paranaguá, Brazil, ikavunjika. Watu walipona, lakini haikuwa na bima, hivyo mtaji wote ukapotea. Akiwa ugenini na mkewe na watoto wawili, aliunda mashua ya futi 35, Liberdade, wakarudi nayo Marekani mwaka 1888.

Mwaka 1892 rafiki yake alimpa mashua chakavu, Spray. Aliijenga upya kwa miezi 13, akitumia dola 553 na senti 62. Aliondoka Boston Aprili 1895, akarejea Juni 1898 baada ya maili 46,000.

Leo, mwenye mashua ndogo ya matembezi kama Spray angepaswa kuuliza mambo matatu kabla ya kukata bima. Kwanza, thamani. Bima ya thamani ya soko hupunguza uchakavu, na jasho la miezi 13 halihesabiwi. Ya thamani iliyokubaliwa hulipa kiasi kilichoandikwa chombo kikipotea kabisa. Pili, mipaka ya safari. Mikataba mingi hutaja eneo, na mingine hukataa safari ndefu za mtu mmoja. Ukivuka mipaka, unaweza kukosa fidia. Tatu, madhara kwa wengine. Bima ya chombo peke yake si lazima imlipe uliyemgonga.

Novemba 1909 Slocum alitweka tanga kwa mara ya mwisho. Yeye na Spray hawakuonekana tena, na mwaka 1924 alitangazwa kisheria kuwa amefariki. Bahari haina mwenyewe; soma mkataba wako ukiwa bado nchi kavu.